Kupima hadi Senti ya Mwisho

Jimbo la Colorado, huko Marekani, linampa jaji siku 91 baada ya mtu kutiwa hatiani ili aamue mkosaji atamlipa mwathirika fidia kiasi gani. Mwenye haraka atauliza kwa nini wasingesema 90, au miezi mitatu, yakaisha. Lakini hebu hesabu. Mtu akitiwa hatiani Jumatatu, siku ya 90 baada yake inaangukia Jumapili, mahakama imefungwa, na mawakili wanaanza kubishana iwapo muda umekwisha au umesogea hadi kesho yake. Ya 91 inaangukia Jumatatu. Ni saba mara kumi na tatu. Mwaka 2012 jimbo hilo lilipitia kanuni zake na kuugeuza muda mwingi uliokuwa ukihesabiwa kwa siku uwe mafungu ya saba: 7, 14, 21, 35, 49, 63, 91. Muda ukianza siku ya kazi, kwa kawaida huishia siku ya kazi. Ugomvi mdogo uliokuwa ukila saa za watu umepunguzwa kwa hesabu ya darasa la tatu.

Namba hiyo ina makali pia. Mwaka 2021, katika kesi ya Weeks, Mahakama ya Juu ya Colorado iliulizwa: siku 91 ni za mwendesha mashtaka kuleta madai, au ni za jaji kutaja kiasi? Ikajibu kwamba ni za jaji. Akitaka kuongeza muda, aseme sababu ya msingi kabla siku hazijaisha; akishachelewa, mamlaka yamemtoka mkononi. Amri ya fidia katika kesi hiyo ikaanguka. Ulikuwa uamuzi mchungu kwa upande uliokuwa ukisubiri kulipwa, na tangu hapo hakuna jaji wa jimbo hilo anayeweza kusema suala la fidia tutaliangalia baadaye bila kuitazama kalenda.

Kupima namna hii ni ufundi unaostahili kusifiwa polepole. Swali la hatia hujibiwa kwa ndiyo au hapana. Yanayofuata ni vipimo: alipe ngapi, amlipe nani, akae chini ya masharti yapi, kwa muda gani, na akishindwa aulizwe nini. Mahakama za majimbo ndizo zinazobeba sehemu kubwa kabisa ya kesi za jinai za Marekani, na vipimo hivyo huchukuliwa katika vyumba visivyo na waandishi wa habari, jaji akiwa na rundo la mafaili mengine mezani. Hotuba nzuri haimsaidii hapo. Kinachomtambulisha fundi ni kwamba kipimo chake kinaweza kukaguliwa na mtu mwingine ambaye hakuwapo.

Chukua mfano wa kawaida. Kijana kavunja duka usiku. Kapasua kioo, kang'oa kufuli, kachukua simu ya mwenye duka iliyokuwa inachajiwa pamoja na fedha za kwenye droo. Mwenye duka analeta karatasi zake: risiti ya fundi wa vioo, bei ya kufuli jipya, bei ya simu mpya, mauzo ya siku mbili alizofunga duka, na nyongeza kwa ajili ya usumbufu. Jaji asiyejali atajumlisha na kutia saini. Jaji fundi hushika karatasi moja moja. Risiti ya kioo ni fedha iliyokwisha kutoka mfukoni, haina mjadala. Simu ilikuwa ya miaka mitatu. Je, mwathirika apewe thamani yake ilivyokuwa usiku ule, na uchakavu wake, au gharama ya kupata nyingine ya kutumia? Majimbo hayajibu kwa namna moja, na jaji hana budi kujua lake linasemaje. Mauzo ya siku mbili si faida ya siku mbili, maana bidhaa ambazo hazikuuzwa bado zipo rafuni. Usumbufu, kwa kawaida, hauingii: fidia ya kesi ya jinai hufuata hasara inayohesabika, na maumivu ya moyo yana mahali pake katika kesi ya madai.

Ushahidi unaotakiwa hapo si ule usioacha shaka. Hatia imekwisha kuthibitishwa. Kiasi hupimwa kwa mizani ya uwezekano, upande upi una uzito zaidi. Mizani hiyo nyepesi ndiyo humjaribu jaji, kwa sababu ni rahisi kuigeuza kuwa kukisia. Anayejua kazi huandika mstari mmoja kwa kila kiasi: hiki nimekikubali kwa risiti hii, hiki nimekipunguza kwa sababu hii, hiki nimekikataa. Mistari mitano ya namna hiyo huwawezesha majaji wa rufaa kufuata nyayo zake bila kumuuliza.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Michigan ilipima hasara ya watu walioibiwa pikipiki za theluji. Mali ilipopatikana, wenyewe walilazimika kusafiri kwenda kuichukua, kisha kusafiri tena kuhudhuria shauri la fidia. Nani alipie safari hizo? Sheria ya jimbo inasema fidia iwe kamili, na mahakama ikasema kamili ni kamili: safari zimezaliwa na wizi, basi mwizi azilipe. Mwaka huohuo mahakama hiyohiyo ikachora mpaka upande wa pili. Mtu alikuwa ametiwa hatiani kwa makosa fulani, naye akatozwa pia hasara za matukio mengine ambayo hakushtakiwa nayo. Hapo ikakataa. Fidia huzaliwa na kosa lililothibitishwa. Tukio ambalo mtu hakusomewa shtaka lake haliwezi kuingizwa kwa mlango wa nyuma wakati wa kujumlisha. Ukiziweka hukumu hizo mbili pamoja unaona mkono wa fundi: ndani ya mpaka anapima kwa ukarimu, nje ya mpaka hapimi kabisa.

California hutumia zana nyingine. Mshtakiwa anapokubaliana na upande wa mashtaka akiri shtaka moja na mengine yafutwe, anaweza kuridhia pia kwamba hasara za yale yaliyofutwa zihesabiwe katika fidia. Ridhaa hiyo itamkwe na iingie kwenye kumbukumbu za shauri. Bila hiyo, kwa kawaida shtaka lililofutwa limefutwa na madeni yake. Hata bima hupimwa tofauti. Huko California mkosaji anaamriwa kumlipa mwathirika hasara yote hata kama kampuni ya bima imekwisha kumlipa, maana aliyejikatia bima kwa fedha yake hakuikata ili imnufaishe mwizi. Michigan hutazama aliyetoa fedha: aliyemfidia mwathirika, ikiwemo bima, naye arudishiwe. Majibu ni mawili na kila moja lina mantiki yake. Kosa ni kuchanganya vipimo vya majimbo mawili katika hukumu moja.

Kando ya jaji yupo karani, na sifa zake huimbwa mara chache. Jaji anasema, karani anaandika. Asubuhi yenye mashauri mengi, jaji anaweza kutamka masharti sita na karani akaandika saba, kwa sababu fomu iliyochapishwa ina kisanduku cha saba na mkono umezoea kukitia alama. Kanuni ya California ni kwamba maneno ya mdomoni mwa jaji, yaliyotamkwa mbele ya mshtakiwa, kwa kawaida ndiyo hushinda karatasi. Kwa hiyo mahakama za rufaa hukaa na nakala ya yaliyosemwa na karatasi ya karani kando kwa kando, zikilinganisha sharti kwa sharti, na kuamuru kisanduku kile kifutwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni uhuru wa mtu.

Wakili naye ana zamu yake. Sharti likitamkwa naye akaliona halifai, aseme palepale. Tangu mwaka 1993 California imeshikilia kwamba asiyepinga busara ya sharti mbele ya jaji aliyelitoa, kwa kawaida hasikilizwi akilipinga kwenye rufaa. Kanuni hiyo inaonekana ngumu hadi uitazame kwa jicho la kazi: jaji aliyepo ndiye mwenye faili mkononi, ndiye anayeweza kulipunguza sharti kwa dakika mbili. Kulinyamazia na kulileta mwaka mmoja baadaye mbele ya watu watatu wasiomjua mshtakiwa ni kupoteza muda wa wote.

Masharti hayo ni ya kifungo cha nje, au probesheni kama wanavyosema Kenya, na chimbuko lake Marekani ni mshona viatu. Agosti 1841, katika mahakama ya polisi ya Boston, John Augustus alimwona mtu aliyeletwa kwa ulevi akiwa karibu kupelekwa jela. Akazungumza naye kidogo, akaomba awe mdhamini wake. Mahakama ikampa wiki tatu. Mtu yule akaweka ahadi ya kuacha pombe, na aliporudi mbele ya jaji alikuwa amebadilika. Akatozwa faini ya senti moja na gharama za shauri, jumla dola 3 na senti 76. Augustus aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1859, akiwa amewadhamini watu wanaokaribia 2,000. Hakulipwa na mahakama, na baadhi ya watumishi wake walimchukia, kwa kuwa walikuwa wakipata ada kwa kila mtu waliyempeleka gerezani.

Ukarimu wake ndio unaosimuliwa sana. Mimi huvutiwa zaidi na utaratibu wake. Hakumdhamini kila aliyelia. Kwanza alichunguza: tabia ya mtu huyo siku za nyuma, umri wake, na watu atakaokuwa akiishi nao akitoka. Kisha aliahidi mambo yanayoonekana: mtoto apelekwe shule, mtu mzima atafutiwe kazi ya halali. Halafu alirudi mahakamani na taarifa, na kuandika majina kwenye rejista. Uchunguzi, uangalizi, taarifa: hadi leo ofisa wa probesheni hana zana nyingine kubwa kuliko hizo tatu. Massachusetts ilitunga sheria ya kumwajiri ofisa wa namna hiyo mwaka 1878, na wa kwanza Boston akawa Edward Savage, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa jiji hilo. Uingereza ikawa na sheria yake mwaka 1907, na Kenya, ikiwa bado koloni, mwaka 1943. Mwanakijiji wa Kakamega au Kilifi anayemwona ofisa akija kuuliza kwa chifu, kwa majirani na kwa aliyekosewa kabla ya hukumu, anaiona kazi ya mshona viatu yule.

Ripoti nzuri ya ofisa husomeka bila vivumishi vingi. Haisemi mshtakiwa ni mtu mbaya au mwema. Inasema anaishi na nani, analipa kodi ya nyumba kiasi gani, alifanya kazi wapi mara ya mwisho na kwa nini aliacha, anaamka saa ngapi kuwahi basi, anadaiwa na nani mwingine. Jaji anaposoma kwamba mtu analipwa kila wiki mbili na kazini kwake ni saa nzima kwa basi, anajua asimpangie kuripoti ofisini kila Jumatatu saa tatu asubuhi. Sharti lisilopimwa ni kama kiatu kisichopimwa: mvaaji atakivua njiani, na lawama zitamwendea yeye badala ya aliyekishona.

California iliweka rula ya kupimia masharti hayo mwaka 1975, katika kesi ya Lent. Sharti huanguka likiwa na kasoro tatu kwa pamoja: halihusiani na kosa lililotendwa, linagusa jambo ambalo lenyewe si kosa, na halina uhusiano wa maana na kuzuia makosa ya baadaye. Rula fupi, lakini inakata. Mwaka 2019 iliwekwa juu ya shauri la mvulana aliyekiri kuvunja nyumba. Jaji wa watoto alikuwa ameagiza simu yake na kurasa zake zote za mtandaoni ziwe wazi kupekuliwa wakati wowote, kwa hoja kwamba vijana hupenda kujisifia dawa za kulevya intaneti. Hakukuwa na ushahidi kwamba mvulana huyo alitumia simu katika uvunjaji ule, wala kwamba alikuwa na desturi ya kujisifia huko. Mahakama ya Juu ya jimbo ikalifuta. Ilikiri kwamba sharti lingeweza kurahisisha uangalizi; ila mzigo wake kwa faragha ya kijana ulizidi mno faida iliyotarajiwa. Kuna tofauti kati ya sharti linalomfaa mtu huyu na sharti linalomrahisishia kazi anayemwangalia, na jaji anayeiona tofauti hiyo ana jicho la kazi.

Muda nao ni kipimo. Tangu mwaka 2021 California imepunguza kifungo cha nje kuwa kisichozidi mwaka 1 kwa makosa madogo mengi na miaka 2 kwa makosa makubwa mengi. Kila mwezi wa ziada ni mwezi wa kuweza kuteleza kwa jambo dogo, na mwenye kupima vyema hutoa urefu unaotosha kazi.

Mtihani mkubwa huja mkosaji asipolipa. Mwaka 1980, huko Georgia, kijana mmoja alikiri kuvunja na kupokea mali ya wizi. Akapewa kifungo cha nje, faini ya dola 500 na fidia ya dola 250. Alikopa kwa wazazi wake akalipa dola 200 za mwanzo. Zilibaki 550, za kulipwa ndani ya miezi minne. Takriban mwezi mmoja baadaye akapunguzwa kazini. Elimu yake ilikuwa ndogo, kazi nyingine hakupata, na kabla ya siku ya mwisho aliijulisha ofisi ya probesheni kwamba atachelewa. Mahakama ikafuta kifungo cha nje na kumpeleka gerezani.

Kesi hiyo, Bearden dhidi ya Georgia, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1983, na hoja za uamuzi ziliandikwa na Sandra Day O'Connor, ambaye kabla ya hapo alikuwa jaji katika mahakama za jimbo la Arizona. Unaisikia mizani ya mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho. Uamuzi haukusema asiyelipa asiguswe. Ulisema jaji aulize kwanza kwa nini. Mwenye nacho akikataa kulipa, au asipojibidiisha kutafuta, gereza lipo. Aliyejitahidi kwa dhati akashindwa, jaji atazame njia nyingine kwanza: kuongeza muda, kupunguza kiasi, kumpa kazi za jamii. Ni pale tu njia hizo zisipotosheleza haja ya kuadhibu na kulinda jamii ndipo gereza linaruhusiwa.

Kuuliza vizuri ni kazi. Jaji mvivu husema, una kazi huna? Anayejua huuliza ulikwenda wapi kutafuta, lini, walikujibuje, chakula cha nyumbani kinatoka wapi, ukiuza gari utafikaje kazini. Majibu huandikwa, kwa sababu miaka kumi kabla ya uamuzi wa Bearden, katika kesi iliyotoka Wisconsin, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekwisha kusema kwamba kifungo cha nje hakifutwi kimyakimya. Mtu apewe taarifa ya maandishi ya kosa analodaiwa, aoneshwe ushahidi, asikilizwe, alete mashahidi wake, mbele ya mwamuzi asiyeegemea upande, na mwisho apewe sababu kwa maandishi.

Si kila chumba cha mahakama kinafanya hivyo. Georgia hiyohiyo, baadhi ya mahakama za makosa madogo zimekabidhi uangalizi kwa kampuni binafsi zinazomtoza mkosaji ada ya kila mwezi, na faini ndogo huweza kukua kwa kukosa tu fedha ya kuilipa kwa mkupuo. Wapo majaji wanaotia saini fomu bila kuisoma. Lakini tunayajua hayo kuwa makosa kwa sababu kanuni zipo zimeandikwa, na wakili wa kawaida, bila cheo wala umaarufu, anaweza kusimama na kuonesha ni hatua ipi iliyorukwa.

Ushahidi wangu wa mwisho ni wa mwaka 2017, na unaturudisha Colorado. Mwanamke mmoja alitiwa hatiani, na akiwa gerezani jimbo likakata dola 702 na senti 10 kutoka kwenye akaunti yake ya mfungwa, kwa ajili ya gharama, ada na fidia. Hukumu ikabatilishwa, kesi ikasikilizwa upya, akaonekana hana hatia. Akadai fedha yake. Jimbo likamwambia afungue shauri jingine na huko athibitishe mwenyewe, kwa ushahidi mzito na wazi, kwamba hakutenda kosa. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Nelson, ikakataa kwa kura saba dhidi ya moja. Hatia ilikuwa ndiyo sababu pekee ya kumkata; hatia imeondoka, jimbo halina tena haki ya kukaa na fedha hizo wala ya kumdai mwenyewe athibitishe alichokwisha kurudishiwa na sheria, yaani kutokuwa na hatia.

Hapo ndipo kazi yote ya karatasi, mistari na tarehe inapolipa. Kiasi kilikuwa kimeandikwa kwa ukamilifu, na alichokatwa kilikuwa na sababu yake kando yake. Sababu ilipoanguka, kila mtu aliweza kuona ni kiasi gani kinachopaswa kurudi. Ni dola 702, na zile senti kumi nazo zimo.